Baba Amerudi Kwenye Cherehani

Kaka yangu mpendwa,

Sisi wazima, na leo nina habari ya kukuchekesha. Tangu tulipomzika Mama, Baba hakugusa cherehani wala kuvuka kizingiti. Wiki iliyopita nahodha wa timu ya mtaa, yule fundi wa kuchomelea, alimletea kitambaa cha jezi.

“Mzee, Jumamosi tuna fainali. Utatuacha tucheze vifua wazi?”

Baba alikipapasa kile kitambaa, kisha akaniambia, “Lete futi yangu.”

Alishona siku tatu, huku akiwagombeza wachezaji kwa vitambi vyao. Jumamosi walimbeba pamoja na kiti chake hadi uwanjani. Tulifungwa tatu bila, lakini Baba alirudi sauti imemkauka kwa kumzomea refa, akala sahani mbili, akacheka hadi machozi. Kaka, amecheka!

Jezi moja imebaki, pana kuliko zote. Nilipomuuliza ni ya nani, alijibu bila kuinua macho, “Ya kaka yako. Mazikoni hakuja, lakini golini hatuna mtu. Mwandikie.”

Basi nimekuandikia.

Ni mimi, mdogo wako