Alama Nisizoziona

Malindi,
Mji Mkongwe, Unguja.
9 Septemba, 2024.

Mpendwa dada Tahiya,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Muhiddin na watoto, na kwamba joto la Maskati limepungua kidogo. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku wazima kwa jumla, alhamdulillahi. Mimi nimechoka tu, dada, uchovu ambao hauishi hata nikilala mchana kutwa.

Usishangae maandishi haya makubwa kama ya mtoto anayeanza kuandika. Sababu utaiona. Ningekupigia simu, lakini ungeniuliza habari za macho nami ningesema hayana kitu, kama nilivyosema Ramadhani, na Idi, na juzi. Karatasi haiulizi. Bi Mwanapili, jirani yangu, anasafiri Alkhamisi, nimemwomba akufikishie mkononi.

Macho hayaoni vyema. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, kama ya mama. Tangu mwaka jana naona kila kitu kana kwamba nimo ndani ya chandarua. Skuli sikumwambia mtu. Ubaoni naandika kwa mazoea, na kazi za wanafunzi nazisahihisha dirishani, pua imegusa karatasi.

Mwaka huu nina Kidato cha Pili, wanafunzi arubaini na mmoja. Somo lililoniumbua ni dogo mno. Ni apostrofi, kile kialama cha Kiingereza kinachoning'inia juu ya mstari kuonesha kitu ni cha nani. Mwenyewe akiwa mmoja, kinakaa kabla ya herufi s. Wenyewe wakiwa wengi, kinakaa baada yake. Na wale ambao wingi wao haumalizikii kwa s, kama wanawake na watoto, kinarudi kabla. Nimelifundisha hilo miaka ishirini na saba, na unajua nilivyo mkali. Asiyeweka alama kwangu hapati kitu.

Baada ya Ramadhani niliwapa jaribio, wakaanguka karibu wote. Hata Ilham, kiongozi wa darasa na hodari kuliko wenzake, alipata nne kwa kumi. Niliwasema siku mbili nzima.

Tangu hapo nikaanza kuziona hizo alama. Kubwa, nene, kama karafuu zilizoanikwa mkekani, na ni darasa zima. Nikajua wananikejeli. Nilivumilia, lakini wiki iliyopita nilishindwa, nikamsimamisha Ilham mbele ya wenzake na kumwamuru aandike upya kurasa mbili, kwa alama ndogo za kistaarabu. Akasema "Naam, mwalimu," akakaa.

Jumamosi nilikwenda Mwanakwerekwe kununua vitu vya jikoni. Bi Mize, mama yake Ilham, anauza viungo pale. Alinipimia bizari yangu, kisha akanivuta pembeni.

"Mwalimu, usinichukulie vibaya," akasema. "Mwanangu karudi analia. Nshamwambia akwambie mwenyewe, hataki. Kwenye ule mtihani wewe uliwapa makosa, na hizo alama walikuwa washaziweka. Basi wakakubaliana wote wakuandikie kubwa. Wanasema mwalimu haoni, na ikijulikana ataondoshwa."

Dada, bizari niliisahau pale pale. Nilirudi nyumbani nikazitoa kabatini karatasi za lile jaribio, nikampa mwanangu Badria anisomee. Kila palipokuwa na kosa la kalamu yangu nyekundu nilimuuliza kama alama ipo. Ipo, ipo, ipo. Nikamwambia basi, inatosha. Watoto hawa niliwasema kwa kosa langu mimi, nao miezi mitano wakanisitiri. Nimeona haya, na nimewapenda mpaka kifua kinaniuma.

Leo asubuhi Ilham kaniletea zile kurasa mbili. Kaziandika kama nilivyoamuru, kwa alama ndogo. Nilikwenda nazo dirishani nikazigeuza huku na huku, nisione hata moja. Nikampa kumi kwa kumi. Kisha nikaliomba radhi darasa, na saa nne nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza yote. Kanipa ruhusa nikatibiwe. Kama nikirudi darasa langu nitalikuta, hakuniahidi, wala sikumuuliza.

Nimepangiwa operesheni tarehe 7 Oktoba, jicho la kulia kwanza. Kilichonizuia siku zote unakijua. Mama aliingia hospitali kwa operesheni kama hii kwa miguu yake, akijionea kidogo, tukamtoa tumemshika mkono, wewe upande huu na mimi upande ule, na hakuuona tena uso wa mtu. Daktari anasema siku hizi mambo si kama zamani. Namwamini, lakini naogopa vile vile.

Nisalimie shemeji Muhiddin, na umwambie mwanao Nadra kuwa mama yake mdogo wa mbali, mzee huyu, hajamsahau. Badria anakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akuhifadhi na akunyooshee njia.

Uliniambia utakuja siku yoyote nitakayokuita. Basi nakuita. Kitambaa kikifunguliwa, nataka wa mwanzo kumuona awe wewe. Na nikiwa sitaona, mkono nitakaoushika nataka uwe wako.

Mdogo wako akupendaye na kukungojea,
Mwatum