Kaseti Nilizozifua

Fundi Saidi,

Kukuuliza habari siwezi, na za kwangu ukizisikia utanikasirikia. Basi nianze na kibanda. Kibanda kipo, nyuma ya soko la Kamembe, na mlango wake bado unakwama mvua ikinyesha. Mashine yetu ya kaseti mbili bado inatafuna kanda upande wa kushoto. Kila asubuhi nafungua, nafagia, nakaa. Watu wakiniambia pole, nasema asante. Sijalia. Siku wale watu wa msikiti wa Bukavu walipokuleta kwenye gari la makaa, wanawake walilia hadi mmoja akaanguka, na mimi nilikuwa mlangoni napanga viatu vya waombolezaji, viwili viwili. Mpaka leo niko hivyo hivyo, kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno.

Ulikwenda Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kununua kaseti tupu, basi. Mpaka ulikuwa umefungwa, ukafunguliwa, ukasema utavuka daraja asubuhi na saa sita utakuwa umekaa mbele ya sahani ya Maman yako. Kule mjini risasi zikalia. Nani alikuwa anampiga nani hatujui, na hakuna aliyekuja kutueleza. Kaseti ulizonunua zilirudi pamoja na wewe, kwenye mfuko wako, nailoni zake hazijachanwa hata moja. Niliziweka kwenye droo nikafunga kwa ufunguo.

Kifurushi cha London nacho kimefika. Binamu yako Rama alikuwa bado hajapata habari, maana juu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Kwa DJ mkubwa wa Rusizi." Ndani kuna kaseti moja ya ile ngoma yenu ya vijana wa London, wanayoiita garaji, nyimbo kumi na nne, zote mpya. Rama anasema nyingine hazijaingia hata dukani, ameziomba kwa rafiki yake anayepiga muziki kwenye redio ya vijana. Niliiacha mezani. Kila asubuhi niliifuta vumbi. Arobaini yako ilipopita, baada ya kisomo, nilirudi kibandani nikaiweka kwenye mashine.

Nikueleze kama ulivyonifundisha, wimbo kwa wimbo. Wa kwanza ni wa kawaida, ngoma inarukaruka kama mtu anayevuka matope, sauti ya mwanamke imekatwa vipande vipande. Wa pili, hivyo hivyo. Lakini wa tatu, Fundi! Wa tatu besi yake haianzi. Msichana anaimba peke yake na makofi ya mikono, unangoja, unangoja, unasema labda Rama amerekodi vibaya, halafu besi inaingia kutoka chini na balbu ya kibanda ikaanza kucheza. Mama Fayida muuza nyanya akagonga ubao: "Eeh! Munabomoa soko?" Ungekuwepo ungeshatoka nje kucheza na ufagio. Mimi niliusikia kwa masikio tu, haukuingia. Nikaandika kwenye karatasi: namba tatu, mzuri sana. Namba sita, wa kusikiliza, si wa kucheza. Namba tisa, utapasua bafle zetu, spika zote mbili.

Nilikuwa nakumbuka ile dansi ya kwanza. Ile Jumapili mchana kwenye ukumbi wa shule, baada ya ile miaka ya mauaji ambayo hakuna aliyethubutu kufanya dansi. Watu walikuja, wakavaa vizuri, wakasimama wote ukutani. Ukapiga rumba ya zamani, mwanamke mmoja akatoka nje. Ukapiga nyingine, wakatoka wawili. Kila wimbo ulikuwa na mtu wake. Huu alikuwa anaupenda kaka yangu, huu tulicheza harusi ya nani. Ukaniambia, "Mariamu, lete ile ya Rama." Nikakushangaa, muziki gani ule, hauna hata gitaa! Ukaweka. Hakuna aliyetoka nje. Halafu yule fundi viatu wa stendi akaanza kutikisa bega moja, na kufika saa kumi ukumbi mzima ulikuwa katikati, hakuna anayejua hatua, kila mtu anajitungia. Tulipokuwa tunakunja nyaya ukaniambia, "Umeona? Hii muziki haina marehemu ndani yake." Mimi niliyekuja kwako bila baba wala mama, mimi ambaye Maman yako alinitandikia mkeka bila kuniuliza kitu, nilielewa siku hiyo kwa nini unahangaika na London.

Sasa ina marehemu ndani yake. Ndilo lililonikaa kichwani wakati wimbo wa tatu unapiga.

Lakini barua hii siandiki kwa sababu ya nyimbo. Naandika kwa sababu ya Maman.

Siku ya pili baada ya arobaini alikuja kibandani. Unajua Maman hajawahi kukanyaga pale, ngoma kwake ni kelele za watu wasio na kazi. Alisukuma mlango na bega, akakaa kwenye kreti ya soda, akatengeneza mtandio, akasema: "Mariamu, banasema sauti ya mutoto yangu iko mu kaseti. Nifungulie nisikie."

Nilimwambia, "Maman, umeme hakuna."

Balbu ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Aliitazama, akanitazama, akasema, "Basi, nitarudia kesho." Akaenda.

Fundi, sauti yako haimo kibandani. Hapa ndipo utanikasirikia, na ukasirike tu. Unakumbuka ulivyokuwa unazitia kelele nyimbo zote ili wenye mashine wengine wasiziibe? Wimbo ukifika pale penye utamu, watu wameshafumba macho, wewe unaingia na maikrofoni: "Hapa Kamembe, kwa Fundi Saidi! Ukitaka yako, kuya ununue yako! Maman, minakuya kula sasa hivi, usimalize sombe!" Kila kaseti. Kila kaseti, jamani, Maman na sombe, kile kisamvu chake, maana ulikuwa unarekodi saa sita na njaa yako. Na watu walinijia kisirisiri ukishatoka: "Mariamu, nitolee ule muntu na sombe yake." Nikawa nawatolea. Ukienda msikitini adhuhuri, mimi nachukua ile ya Rama kwenye bati la biskuti, narekodi upya juu ya ya kwako, safi, bila neno. Tulikuwa na jina lake, tulisema "kufua." Nifulie kaseti, Mariamu. Walitoka Gihundwe, walitoka Giheke, wakaja hadi wafanyakazi wa saruji kutoka Bugarama, wamezifunga kwenye leso. Nilijiona fundi kuliko fundi. Na ile ya kwako mwenyewe, ya kurekodia, ulikuwa unaifuta kila kifurushi kipya kikija, kwa vile kaseti tupu zilikuwa hazivuki mpaka.

Nilipekua droo zote. Nikaenda kwa fundi viatu, kwa wanaouza vitenge, kwa yule dada wa saluni. Kila mmoja anafungua redio, muziki unapiga mzuri, msafi, hakuna hata kikohozi chako. Dada wa saluni akaniambia kwa furaha, "Hii njo ile ulinifulia, inapiga mpaka leo!" Nikasema asante. Maman alirudi kesho yake, nikasema mashine imeharibika. Akarudi tena, nikajificha kwa Mama Fayida nyuma ya matenga. Mtu mzima mimi, nimechuchumaa kwenye nyanya.

Ndipo nikakumbuka mwalimu Tito wa Bweyeye. Alinunua kaseti mwanzoni kabisa, na kwake ni mbali, nani atembee msituni siku nzima kwa ajili ya kufuliwa? Nikapanda lori la kwanza, lilipogoma kwenye tope nikashuka, nikamalizia kwa miguu. Miguu ilivimba, nikalala kwa dada yake mwalimu. Asubuhi nilimkuta darasani. Hakuwa anajua kwamba umekufa. Nilipomwambia alikaa juu ya dawati la watoto, akasema kaseti ipo, wanafunzi wanaicheza Ijumaa masomo yakiisha. Nikamwomba aifungue. Kanda imelegea, nyimbo zinakwenda zinapepesuka. Ukafika pale penye utamu, ukaingia wewe na kelele zako, na uliposema, "Maman, minakuya," darasa zima, batoto bote, wakajibu kwa sauti moja: "Kuya!"

Mwalimu akaniambia hapo ndipo wanapopapenda kuliko wimbo.

Mimi nilitazama ubao. Kulikuwa na hesabu za kugawanya, nikazisoma zote mpaka chini. Nikamwachia kaseti yangu safi, nikachukua ya kwako, nikaifunga kwenye leso kama wale watu wa Bugarama.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani, sikupitia kibandani. Maman alikuwa anachambua mchele. Nikaweka redio juu ya mkeka, nikaweka betri, nikasogeza kanda hadi karibu. Alivumilia ngoma huku amekunja uso. Ukaingia. Hapa Kamembe, kwa Fundi Saidi. Mkono wake ukasimama ndani ya mchele. Ukitaka yako, kuya ununue yako. Halafu sombe.

Hakujibu kama watoto wa Bweyeye. Alisema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara tatu. Mara ya nne akaniuliza, "Hii ni ya lini?" Nikamwambia, Maman, si ya siku moja. Alikuwa anasema hivi kila siku, kwenye kila kaseti, mji mzima ulisikia.

Akautoa mkono ndani ya mchele. Halafu akasema, "Kumbe alikuwa anatuma neno."

Wewe unajua Maman alikuwa anasema nini, na mimi najua, maana nilikuwa nakaa kwenye mkeka ule ule. Kila mchana unafika sahani imepoa, anakuuliza, "Utachelewa mpaka lini, hata neno hutumi?" Wewe unanawa mikono unacheka: "Nilituma, Maman. Nilituma na kaseti." Naye anasema, "Muongo weye, hata mbele ya chakula!" Miaka yote hiyo amekuita muongo. Na mimi nilikuwa nakula tu, kimya, nimetoka kukufua saa hiyo hiyo.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, ya kufua, ya bati la biskuti, ya balbu, ya nyanya. Alinitazama kama alivyoitazama ile balbu. Sikujua atanifukuza au vipi, na kusema kweli hata hofu sikuisikia vizuri, niliingoja tu kama besi ya wimbo wa tatu. Akachukua ungo wake, akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Kesho kuya kula. Na usichelewe."

Basi ndiyo habari yenyewe. Leo nimefungua ile droo na kuchana nailoni ya kaseti zako za Bukavu. Nimerekodi nyimbo mpya za Rama, zote kumi na nne, hata ile itakayopasua bafle. Kwenye wa tatu, pale ambapo besi haijaingia na msichana yuko peke yake, nimekuweka wewe. Sauti imechakaa lakini inasikika. Jumapili watacheza nayo ukumbini. Mwenye marehemu ndani ya nyimbo nyingine zote, sasa hata ndani ya hii anaye, tusidanganyane. Na atakayeniletea kaseti nimfulie, nitamwambia avuke daraja akatafute fundi mwingine.

Sijalia bado. Labda nitalia ukumbini, labda sitalia. Rama nimeshamwandikia.

Mungu akulaze pema, Fundi wangu. Sahani yako Maman ananiwekea mimi siku hizi, sombe imo, na mimi nachelewa kama wewe, kibanda hakiachiki saa sita. Lakini nakuahidi, nikiona nachelewa namwita mtoto yeyote wa Mama Fayida, namwambia kimbia, mwambie Maman nakuja.

Mwanafunzi wako kichwa kigumu,
Mariamu