Bima ya Mabatini, Anwani ya Pasiansi

Natangaza rasmi, kwa wote wanaohusika, kwamba leo Jumanne nimenunua faili la plastiki. La kijani, lina kifungo. Nje, mawingu yameganda juu ya ziwa tangu asubuhi.

Faili ni la bima. Mvua zilizopita, mto Mirongo uliingia chumbani kwangu hapa Mabatini bila hodi, ukashinda na cherehani zangu mbili kutwa nzima. Moja mpaka leo inaruka mishono. Zote mbili zikifa, mimi si fundi tena, ni mpangaji mwenye tepu shingoni.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilikwenda kwa wakala wa bima, kijana mpole mwenye kalamu mbili. Nilidhani bei ya bima ni kama ya sukari: unatajiwa, unaguna, unalipa. Kumbe ni mahojiano. Mto uko mbali kiasi gani? Ukuta wa tofali gani? Madirisha yana nondo? Nikamweleza kuwa tuko familia sita, geti moja, na ufunguo tunauweka chini ya ndoo ya jirani yangu, Mama Rehema. Alipouliza nani anajua ulipo, nikajibu kwa fahari kwamba sote tunajua, hata muuza dagaa.

Kila nikisema kweli, bei inapanda. Nilipofika kwenye majiko ya mkaa koridoni na yale maji ya mwaka jana, aliweka kalamu chini akaniangalia kama mfiwa.

Aliye mkavu ndiye anayeuziwa mwavuli kwa bei ya chee.

Nakiri: jana nilikwenda kwa wakala mwingine na anwani ya dada yangu anayeishi mtaa wa Pasiansi. Huku kwetu kila mtu ana anwani ya ndugu, ya kuandikishia watoto shule, ya kupokelea barua za maana. Kwa dada ni mlimani, ukuta wa bloku, nondo, mita yake peke yake, na mbwa. Bei ikashuka mpaka nikamwonea wakala huruma. Nikalipia mwaka mzima.

Leo Mama Rehema, ambaye hakuna karatasi inayoingia nyumba hii asiisome, alivuta kigoda, akavaa miwani, akaisoma bima yangu mpaka ukurasa wa mwisho. Mimi nasubiri pongezi.

"Fundi," akasema, "hapa wanalipa vitu vilivyomo ndani ya nyumba ya Pasiansi tu. Kule wewe una nini?"

Nikamwomba asome tena. Akasoma tena, taratibu, kama anayemsomea mgonjwa.

Nikapiga simu. Wakala akanijibu kwa adabu kwamba bima inaweza kuhamia Mabatini, ila itabidi tuanze na maswali machache.

Matone ya kwanza yanagonga bati. Cherehani nimezipandisha kitandani, mimi nitajua pa kulala. Nilikuwa namdanganya nani hasa?

Kule Pasiansi nina mswaki na ndala.