Kwa Baba Yetu Nurdini, Aliyefundisha Mikono Ikiwa Nyuma

Mwaka umetimia leo, baba yetu Nurdini Abbasi Swalehe, tangu Jumapili ile ulipotuaga hapa nyumbani Mkonze. Alasiri tutakusomea hitima. Kabla ya hapo tuna habari ya kukupa, lakini kwanza acha tukutaje kwa mema, maana ulipokuwa hai ukisifiwa tu ulitoka nje.

Miaka thelathini na moja ulikuwa mtaalamu wa maabara ya maji. Ulitoka Kondoa na mashati mawili, ukakabidhiwa mashine ya kupima madini kwenye maji, ukaijua kuliko walioileta. Ikikataa kuwaka uliitwa wewe, hata siku ya Idi. Nasi tulijivuna. Tukiulizwa shuleni baba yenu anafanya kazi gani, tulijibu kwamba bila yeye mashine haiwaki. Hatukujua kwamba tunataja kosa lako.

Kisha ukaugua, ukalazwa wiki tatu, na mashine nayo ikazima. Hakuna aliyethubutu kuifungua, kwa sababu hukuwahi kumruhusu mtu. Kijiji kimoja kilikuwa kinasubiri majibu ya kisima kipya. Watu walichoka kusubiri, wakaanza kunywa. Ulipotoka hospitali ukapima, ukakuta floridi nyingi mno, ile inayoharibu meno na mifupa ya watoto. Ulikwenda mwenyewe kuwaambia. Uliporudi hukula.

Ulimwambia mama, "Mwajabu, nilijiona bingwa. Kumbe nimefundisha watu kunisubiri."

Tangu hapo ulifundisha mikono ikiwa nyuma. Kila Alhamisi ulisimama umeifunga mgongoni, vijana wa maabara wakaifungua mashine mpaka skrubu ya mwisho na kuirudishia. Wakikosea ulikohoa tu. Ruthu, binti wa Buigiri, alilia siku ya kwanza akidhani unamchukia. Na alipokuja mtaalamu wa nje na mashine mpya, mafunzo wiki mbili na kila kitu anakigusa yeye, ulimkaribisha chai.

"Bwana, kaa hapa na mimi," ulimwambia. "Wewe unaondoka Ijumaa. Ruthu anabaki."

Nyumbani ulikuwa hivyohivyo, na tulikununia sana. Pasi ikiharibika ulituletea bisibisi ukaenda zako. Mara ya mwisho ilikaa miezi miwili, tukawa tunakwenda shule na sare zilizokunjamana. Abbasi ndiye aliyeitengeneza. Bado tunaitumia.

Wiki zako za mwisho hukuuliza sana habari zetu, baba, tuseme ukweli, na mimi Asma ninayeandika iliniuma. Uliuliza jambo moja kila siku: "Nikiondoka, wataweza?" Tulikujibu wataweza, vile mtu anavyomjibu mgonjwa. Hatukuwa na hakika.

Sasa habari yenyewe. Miezi minne baada ya kukuzika, mashine ilizima. Mama aliposikia alitoa mkoba wako wa vifaa chini ya kitanda, akaufuta vumbi, akauweka mlangoni, akijua vijana wako wa maabara watakuja kuufuata. Siku ya pili yake Ruthu akapiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkoba huo hapo, chukua."

"Sikufuata mkoba, mama. Tumeifungua wenyewe, imewaka tangu jana. Nimetoka mbio nije nimwambie mzee. Nimefika hapo kwenye kona ndipo nikakumbuka."

Walilia wote wawili palepale mlangoni. Mkoba ukarudi chini ya kitanda.

Kwa hiyo tunakwambia sisi. Mashine imewaka, baba, na hawakukuhitaji. Tumelia kwa ajili ya hilo, na tunamshukuru Mungu kwa hilohilo. Ulipotuuliza tulikujibu tu ili utulie. Leo tunakujibu kwa sababu tumeona: wameweza.

Unakumbukwa na mkeo Mwajabu. Wanao Abbasi, Asma na Rukia. Dada yako Kuluthumu wa Kondoa. Wajukuu zako wote. Na Ruthu, ambaye siku za Alhamisi husimama mbele ya vijana wapya, mikono mgongoni, akikohoa.

Hatutakusahau, baba, siku zote za uhai wetu.