Tarehe Chini ya Barua

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Huku sote wazima, ila mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na sasa anacheka kwa kuziba mdomo. Simu umeizima tena, basi barua hii naituma kwa mkono wa Kobe, yule dereva uliyemfundisha kazi.

Ofisini hali mbaya. Malori kumi na manne yamelala yadi. Bosi anasema madereva wameadimika, na wewe ukirudi wengine watakufuata. Mwaka jana uliacha kazi ghafla, hukusema sababu, nami sikuuliza. Nakuomba urudi. Tusipopata madereva hadi mwisho wa Machi, mkataba wa saruji unaenda kwa wengine na ofisi yetu inafungwa.

Binti yako
4 Februari

—

11 Februari

Mama,

Marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi unanikumbusha tulikotoka. Mwambie mjukuu wangu acheke tu, mimi sina manne na nacheka.

Madereva wameadimika? Huyu anayeshona viatu hapa kona ameteremsha matangi ya mafuta milimani miaka kumi na tisa bila kugusa hata kuku. Muuza mkaa wetu alikuwa anarudisha tela kinyumenyume kwenye uchochoro ambao wewe ungeogopa kupita na baiskeli. Watu wapo tele, kilichoadimika ni malipo. Tunalipwa kwa safari. Lori likikaa siku mbili kwenye geti la ghala likisubiri kushusha, dereva analinda mzigo bure, na akirudi anakatwa malipo kwa kuchelewa.

Usiniamini mimi. Panda na Kobe safari moja tu.

Baba yako

—

Baba,

Shikamoo. Natumai dawa ya kuchua imekusaidia. Mimi miguu imevimba, maana nilipanda.

Baba, kumbe hamjasifiwa vya kutosha! Kobe aligonga matairi yote kumi na nane kwa rungu, akisikiliza moja moja. La tatu kutoka nyuma akasema, "Huyu ana njaa," akalijaza upepo. Kwenye mteremko mkali aliweka gia ndogo mapema, na chai yangu haikumwagika hata tone.

Tulifika getini saa nne asubuhi. Kobe akajiegesha kidogo, akaniachia zamu ya kutazama foleni. Ikasogea. Dereva wa nyuma akaniomba kwa heshima zote apite mbele, eti ana swali moja tu kwa mlinzi. Nami mtu wa ofisini nikamwambia, pita tu kaka. Wakapita wanne, geti likafungwa, tukalala hapo. Kobe alicheka mpaka akatoa machozi. "Dada, hapa hata mama mzazi humpishi!" Hakunilaumu hata kidogo. Tulishusha kesho yake saa tisa alasiri.

Niliporudi nikakuta mezani nimepangiwa kuchapa barua ya kumkata Kobe malipo kwa kuchelewa. Nikaiweka kando. Nikamuuliza Kobe lori lako lilikuwa lipi, nikatoa faili lake, namba saba. Baba, barua ile ya kukukata, siku mbili kabla hujaacha kazi, niliichapa mimi. Wananiletea namba za malori tu, na sikuwahi kuuliza saba ni ya nani. Nimelia. Ulijua?

Binti yako
27 Februari

—

5 Machi

Mama,

Marahaba, na pole ya miguu. Kanda kwa maji ya moto.

Nilijua siku ile ile. Saini ni ya bosi, lakini tarehe ilikuwa chini. Tangu darasa la pili unaiweka chini, mwalimu alikemea, nami nikakemea, tukashindwa wote. Ningekwambia ungeacha kazi, na pale getini hapakuwa na dereva ambaye sijamtambia kwamba binti yangu yuko ofisini. Kwa hiyo niliondoka mimi. Sikutaka uchape ya pili.

Kobe amekatwa?

Baba yako

—

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Kobe hajakatwa. Nilimwambia bosi sichapi. Akafoka nifungashe vitu vyangu. Nikasema sawa, ila kwanza tuangalie dirishani pamoja, tuyahesabu malori yaliyolala. Akayahesabu yote kumi na manne. Siku ya nne akaniita: kuanzia sasa kusubiri getini kukizidi saa mbili kunalipwa, na hakuna kukatwa. Tangazo nimeliandika mwenyewe, Kobe analisambaza.

Kurudi sikuombi tena. Nataka tu ujue nimekaa kwenye kiti chako ndani ya namba saba, na sijui uliwezaje miaka yote hiyo kurudi nyumbani ukitabasamu. Najivunia kuwa mwanao.

Binti yako
16 Machi

—

Mama,

Marahaba. Mgongo leo umenyamaza.

Tangazo limebandikwa kwenye kibanda cha mshona viatu. Wakabishana kama ni la kweli, maana halina jina la aliyeandika. Nikatazama chini ya karatasi, nikawaambia ni la kweli. Mshona viatu ameshafunga kibanda, muuza mkaa anasaka leseni chini ya godoro. Jumatatu tunafika.

Niwekee funguo za namba saba, na kiti kisiguswe. Nimekizoea kilivyopinda.

Baba yako
22 Machi