Hatua ya Kwanza Si Yako

Tarehe 2 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Najua hujambo, maana naandika haya ukiwa chumba cha pili unabishana na zipu ya begi. Barua nimeificha chini ya sweta kwa sababu nikikuambia kwa mdomo utaitikia "ndiyo, shangazi" huku mawazo yote yako kwa mwanao Kibonge. Isome ukishafika, ukishaoga, ukishakula.

Kwanza, pasipoti ni yako. Wakitaka kukutunzia kabatini kwao, shukuru kwa adabu na uitunze mwenyewe. Nakala ninayo mimi, pamoja na ya mkataba, ndani ya kopo la vifungo. Huo mkataba tumeusoma mara tatu: chumba chenye mlango unaofungwa, siku moja ya mapumziko kila wiki, tiketi ya kurudi juu yao, mwaka mmoja. Rudia kusoma hapo penye mwaka mmoja. Mimi nilikwenda kulea watoto wa watu kwa mwaka mmoja, nikarudi baada ya saba, na mwanangu wa kumzaa, na ndevu zake zote, hadi leo ananiita Mgeni. Anasema ni utani. Nami nacheka.

Siku za mwanzo jifunze maneno ya kwao yanayomfaa mtoto: inauma, moto, acha, njoo. Salamu zitakuja zenyewe. Usimpe mtoto dawa, hata ya mafua, kabla mama yake hajakuandikia kiasi na saa kwenye karatasi. Kama hulijui jiko lao, uliza siku ya kwanza, maana siku ya kumi utaona haya. Na mtoto asikuite mama, hata kwa mzaha, hata kama bosi mwenyewe anacheka.

Nimebakiza moja, na hili wakala hakufundishi. Huyo mtoto ni rika moja na Kibonge wetu, miezi tisa. Atatembea mbele ya macho yako. Siku atakapoinua mguu, meza furaha yako. Usipige simu, usipige vigelegele, usimwambie mtu. Mama yake atakapomwona siku akiwa nyumbani, hiyo ndiyo itakuwa hatua ya kwanza, na wewe ushangae kuliko wote. Mimi niliwahi kumpigia mama mmoja kazini kwake nikiwa na furaha tele. Alinishukuru, akakata simu, na tangu siku hiyo hakunitazama tena vizuri. Hatua ya kwanza si yako.

Kibonge yuko mikononi mwangu, usiwe na wasiwasi. Kula.

Shangazi yako


Tarehe 19 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Kibonge hajambo? Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi. Barua yako niliiona siku ya tatu, kwa sababu sweta lenyewe nililivaa siku ya tatu. Nilikuwa najitia shujaa.

Chumba kina mlango, na mlango unafungwa. Dirisha linatazama ukuta wa jirani na bomba la maji. Mtoto nimempachika jina Malkia, maana hajaota meno manne na anatoa amri kwa kidole. Mama yake ni daktari wa meno, mpole, anaongea haraka kama anayekimbizwa. Baba anasafiri sana. Jiko niliuliza siku ile ile, na afadhali niliuliza, kumbe halina hata swichi, unaligusa tu.

Tatizo ni Jumapili, siku yangu. Nikikaa chumbani, bosi anagonga: "Dakika tano tu, nioge." Hizo dakika tano zinafika chakula cha mchana. Si mtu mbaya, shangazi. Ni mimi ninayeshindwa kukataa nikiwa nimesimama mlangoni na nguo za kulalia.

Nikimbeba Malkia mikono yangu inampima yenyewe. Mwepesi. Wangu ni mzito zaidi. Umwambie Kibonge natafuta pesa za kumalizia vyumba vyetu viwili vya mbele, ili nikirudi nifungue shule yangu ya watoto wadogo, na yeye awe mwanafunzi namba moja.

Mwanao


Tarehe 10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanifuata kila niendapo. Kibonge hajambo, anatambaa kwa goti moja na unyayo mmoja kama mtu anayetafuta kifungo chini ya meza.

Kuhusu Jumapili, dawa yake ni hii. Ukiamka, kabla hujanywa chai, vaa viatu. Si ndala, viatu vya kutokea, ufunge na kamba. Mtu aliyevaa viatu haombwi dakika tano. Hata kama huna pa kwenda, nenda. Ingia maktaba, zunguka soko, keti kituo cha basi utazame watu wakigombania foleni. Mapumziko ukiyapumzikia ndani ya nyumba ya kazi, hiyo ni kazi. Mimi nilichelewa kulijua hilo miaka miwili, wewe nimekupa bure.

Shangazi yako


Tarehe 25 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hali zenu huko? Mimi sijambo kabisa, na viatu vimefanya kazi! Jumapili ya kwanza bosi alitoka na taulo kichwani, akatazama miguu yangu, akasema, "Ah, unatoka," akarudi zake. Sasa naijua bustani moja, maktaba mbili, na muuza magazeti mmoja ambaye hunisahihisha matamshi bila kuombwa.

Kibonge ametimiza mwaka na mimi sipo. Nilinunua keki ndogo nikaila kwenye benchi peke yangu, nikalia kidogo, nikamaliza keki. Je, ameanza kusimama? Simu yako ya batani haina hata picha, ingekuwa vinginevyo ningekwishamwona. Nichoree mguu wake kwenye karatasi nimnunulie viatu.

Mwanao


Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Marahaba, hatujambo. Kibonge yupo, anakula, anakaa vizuri. Habari za kusimama tusiharakishe, kila mtoto na siku zake.

Nimeufunga mguu wake ndani ya bahasha kama ulivyoagiza. Mstari umeyumba kwa sababu hakutulia. Viatu viwe na soli ngumu, kokoto za nje siku hizi zina moto.

Sisi huku wiki nzima tumekunywa chai bila sukari. Bakuli lilikuwa juu ya meza, likaja chini lote. Na kuku wa jirani wamehama uwanja wetu, sijui nani anawasumbua. Kaka yako, mwanangu wa kumzaa, alipita na lori lake, akakaa mpaka jioni, akatengeneza komeo la geti. Alisema ni muhimu lifungwe. Basi, ndio hayo.

Shangazi yako


Tarehe 20 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Natumai mu wazima. Mimi ni mzima wa mwili.

Jumatano, saa nne asubuhi, nilikuwa jikoni nakunja nguo. Malkia aliachia mguu wa meza akaja, moja, mbili, tatu, akanidaka suruali. Nikameza, kama ulivyonifundisha. Nilimkalisha chini, nikampa kijiko cha mbao achezee, nikaendelea kukunja soksi.

Jumamosi akamwendea mama yake. Bosi alipiga kelele, akampigia mumewe, dada yake, mpaka mwenzake wa kliniki. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Nilijifanya sijawahi kuona binadamu akitembea. Kisha nikaingia chumba cha kufulia, nikawasha mashine bila nguo ndani, nikalia humo.

Na mashine ikizunguka nikaanza kufikiri. Mtoto anayetambaa haogopi kokoto za moto nyayoni, anaziogopa magotini. Sukari ya juu ya meza ilimwagwa na nani? Na geti lifungwe ili nani asitoke?

Shangazi, huko kwetu nani naye amemeza? Nimekasirika, nasema wazi, na sijawahi kukukasirikia maishani. Mwanangu ametembea lini?

Mwanao


Tarehe 8 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Umenikamata, na sina pa kukimbilia.

Alitembea tarehe 11 Mei, saa tatu asubuhi, kutoka kwenye cherehani mpaka mlangoni. Hatua nne. Akaketi kwa kishindo, akajicheka. Nilikuwa na pini tano mdomoni, nikashindwa hata kupiga ukelele. Nilimtazama yeye, nikautazama na mlango, nikakukumbuka, nikalia na pini zangu.

Nilidhani nakutunzia. Upuuzi mtupu. Mtoto anakimbiza kuku, mimi naandika "anakaa vizuri", mtu mzima mwenye mvi. Ile sheria ni ya nyumba ambazo mama anarudi jioni. Wewe huwezi kurudi jioni. Nilijua tofauti hiyo, ila niliogopa kwamba nikikuambia utafunga begi siku hiyo hiyo na kuja na mikono mitupu, halafu utanichukia mimi na vyumba vyako viwili. Nisamehe.

Kuanzia leo nakuandikia yote. Anasema "maji", anasema "toka", neno hilo nadhani amelitoa kwangu. Anauma. Viatu vyako vimemkaa sawasawa na hataki kuvivua hata akilala.

Shangazi yako


Tarehe 16 Novemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inawakuta salama. Hasira zilikwisha zamani, usinikumbushe.

Bosi ameniomba nibaki mwaka wa pili. Aliketi nami mezani, akamimina chai yeye mwenyewe, akaweka mkataba mpya mbele yangu. Masharti ni mazuri kuliko ya kwanza. Nimeshapiga hesabu zangu: kwa mwaka huu vyumba viwili vitapata sakafu na milango, lakini kwa miaka miwili ningeongeza uzio na uwanja wa kuchezea. Shule bila uwanja ni nini? Hicho ndicho ninachojiambia nikiwa macho.

Sasa nikuambie lile nisilojiambia. Juzi Malkia ameniita mama. Nikamwambia hapana, mimi ni dada. Akacheka, akarudia. Shangazi, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Jibu linatakiwa kabla ya mwaka kwisha. Wewe ulipita njia hii. Sema nirudi, na nitarudi bila swali.

Mwanao


Tarehe 3 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Silisemi. Nikisema rudi, siku utakapokosa uwanja utakuwa umeukosa kwa sababu yangu. Nikisema kaa, usiniombe hata nilifikirie hilo.

Nikuambie tu jinsi miaka saba inavyopita. Mama yangu alinijibu kila barua. "Mtoto hajambo, anakula vizuri." Hakuniongopea hata mara moja. Kweli alikuwa hajambo, na kweli alikuwa anakula vizuri. Kila mwaka nikasoma hivyo, nikaridhika, nikatia sahihi. Mimi nilikuahidi kukuandikia yote, basi nakuandikia.

Kibonge ana maneno kumi na moja. Mojawapo ni "mama". Tangu Mei, kila jioni ninapofunga cherehani, namfungulia kopo la vifungo namwonyesha ile nakala ya pasipoti, sura yako ya kununa, namwambia "mama". Nilijiona nimefanya la maana. Juzi jirani alimuuliza, "Kibonge, mama yuko wapi?" Akakimbia ndani, akarudi amelikumbatia kopo. Si karatasi, mwanangu. Kopo. Nimejaribu kumrekebisha, hakubali. Akiamka analitafuta, analitikisa, vifungo vinalia, analiambia mama.

Ni hayo tu. Uamuzi ni wako.

Shangazi yako


Tarehe 20 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Sikutia sahihi. Nafika tarehe 3 Februari, mchana. Bosi alilia, mimi nililia, Malkia akatucheka wote. Shule itaanza bila uzio, watoto tutawafungia kwa lile komeo.

Naogopa, shangazi. Niambie nifanyeje nikiingia.

Mwanao


Tarehe 3 Februari. Imebandikwa mlangoni.

Mwanangu,

Karibu nyumbani. Leo sikuulizi hali, nitaiona mwenyewe jioni. Mlango haujafungwa na chai iko kwenye chupa.

Uliniomba nikuambie, ndio huu ushauri wangu wa mwisho. Begi liache hapa nje. Vua viatu. Ingia, keti sakafuni karibu na cherehani, unyamaze. Usimwite, usimnyakue. Mimi wangu nilimnyakua getini, akalia mpaka akatapika, na nadhani bado hajanisamehe mikono ile. Wewe kaa tu, aje mwenyewe. Akichelewa, kaa. Akikupita akaenda kuchezea kitambaa, kaa.

Yuko uani na kaka yako, ambaye leo hakwenda safari. Nimemwagiza akikusikia umeketi amfungulie mlango wa nyuma, na yeye asiingie. Asubuhi aliniuliza, "Kwa hiyo leo tunapokea mgeni?" Nikamwambia huyu si mgeni. Akachukua ufagio akafagia uwanja wote bila kuagizwa.

Kopo la vifungo nimelipandisha juu ya kabati asikoweza kufika. Amelitafuta tangu asubuhi, utamkuta ana hasira kidogo.

Mimi nimetoka na viatu vyangu vya kutokea. Sina pa kwenda, nitakaa kituo cha basi mpaka saa kumi. Atakachofanya akikuona sitaki kukiona. Hicho ni chako, utanisimulia.

Shangazi yako