Makubadhi ya Mlangoni, Junda

S.L.P. 318,
Likoni, Mombasa.
20 Julai 1961

Mpendwa dada Ruwaida,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mvua zimekatika na goti langu limepata nafuu. Natumai wewe, shemeji Ishaka na mama mkwe wako Bi Mwanasaumu hamjambo, na kifua chako kimetulia.

Habari mpya ni ya jana. Kadhi amesema shauri la watoto wako litasikizwa Jumatatu tarehe 31. Usipofika, Badawi atachukuliwa na ami yake Malindi, na Kuluthum atapelekwa kwa shangazi yake Lamu. Nilikuwapo, nimeyasikia mwenyewe.

Najua utashtuka, kwani barua zote za watoto zilikwambia baba yao hajambo na anakusalimu. Si kweli. Mahfudh aliondoka Junda siku chache kabla ya Ramadhani na hajarudi. Ami yao anasema yuko Pemba na ameoa huko, hilo sijalihakikisha. Miezi mitano watoto wameishi peke yao. Kuluthum hupika mahamri alfajiri, Badawi huyapeleka dukani kabla ya skuli. Skuli hajakosa hata siku moja. Nimemuuliza mwalimu wake.

Hawakumwambia mtu kwa sababu moja. Ulipoachwa waliwasikia wazee wakizungumza kuwagawanya, mmoja huku, mmoja kule. Basi kila siku Badawi aliyaweka mlangoni makubadhi ya baba yake, yale ya ngozi yenye mshono mwekundu, ambayo Mahfudh hakuyavaa safarini. Apitaye akajua mwenye nyumba yumo. Mimi mwenyewe nilipita mara mbili, nikayaona, na kwa kuwa hatusemezani na Mahfudh nikaenda zangu. Kosa hilo ni langu. Gazetini nalipwa kwa kuuliza, na pale sikupiga hodi.

Kilichowafichua ni Ijumaa. Tarehe 14, adhuhuri, walisahau kuyaondoa. Bi Mwanamkasi, jirani yao, akayaona yako pale pale ilhali wanaume wote wako msikitini. Akasimama kizingitini, akapaza sauti:

"Mahfudh! Khutuba yasomwa nawe ungali ndani? Au wangoja jeneza likuchukue?"

Kuluthum akatoka. "Shikamoo, bibi. Baba amelala."

"Marahaba. Amelala tangu lini?"

Badawi alikuwa nyuma yake akivaa kanzu, amechelewa swala. Akajibu yeye: "Tangu kabla ya Ramadhani."

Kuluthum akamfinya, lakini neno lilikwisha kutoka. Bi Mwanamkasi anasema hakulia mtu pale ila yeye. Tangu siku hiyo wanalala kwake.

Niliomba wakae kwangu. Upande wa baba yao umekataa, kwa kuwa sina mke nyumbani.

Sikulaumu, dada. Uliolewa mbali, ukaambiwa wako salama, ukaamini. Kadhi anataka mambo mawili: uje mwenyewe, na uje na barua ya shemeji Ishaka kwamba atawapokea wote wawili. Akikubali mmoja tu, bado watakuwa wametenganishwa. Zungumza naye leo hii, usingoje kesho.

Nisalimie Bi Mwanasaumu sana, na majirani wote wanaotukumbuka. Bi Mwanamkasi anakusalimu, anasema kitanda chako kipo. Mungu akulainishie njia na aulainishe moyo wa shemeji.

Nilipowaaga watoto jana, Kuluthum alinifuata hadi barabarani. "Mjomba," akasema, "usimwandikie mama kwamba tunamtaka. Mwandikie tarehe tu."

Tarehe ni 31 Julai, saa tatu asubuhi. Jumapili, tarehe 30, nitakuwa kivukoni Likoni tangu basi la kwanza la Tanga mpaka la mwisho.

Ni mimi ndugu yako, mwenye kukupenda,
Salem